Sura ya Sita: Pikipiki Iliyolala Kwenye Kona

Kabla ya kuingia kwenye kona Gracinda alivua viatu, akamwamuru na Dércio avue vyake.

Dércio hakupenda hata kidogo. Alikuwa katibu wa kamati ya mbio, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata anapokwenda shamba, na mchanga wa barabara ya Quionga hauna adabu, huingia popote. Lakini Palma nzima ilikwisha kujua kwamba kubishana na mpelelezi yule ni kutwanga maji kwenye kinu. Akavua, akavibeba viatu mkononi.

"Jana hapa hapakupita viatu vyako wala vyangu," Gracinda alisema. "Nataka pabaki hivyo hivyo."

Jana yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru, ishirini na tano Juni, na mbio za pikipiki kutoka Palma hadi Quionga na kurudi. Aliyeongoza ni Fauzi, dereva wa teksi ya pikipiki, mtoto wa mtaa wa pwani. Aliyemfuata ni Lázaro, bingwa wa mwaka uliopita, mzaliwa wa Mueda kule juu. Walipokuwa wakirudi, Lázaro aliingia kwenye kona hii ya mikorosho kwa kasi yake yote, akaikuta pikipiki ya Fauzi imelala katikati ya njia bila mwenyewe. Aliigonga, akarushwa, mguu ukavunjika chini ya goti. Watu wa kwanza kufika walimwona Fauzi akitokea mikoroshoni mbio, na tangu saa ile hajamweleza mtu yeyote alikuwa akifanya nini huko.

Hayo ndiyo yaliyojulikana. Yaliyosemwa yalikuwa mengi zaidi, maana mwaka ule Palma ilikuwa na maneno mengi kuliko samaki. Gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, hakuna aliyekuwa ameiona wala kuinusa, na kila mtu alikuwa ameshaipangia matumizi. Kambi ya gesi ilikuwa imeahidi kumwajiri mshindi wa mbio kuwa dereva. Basi mbio zikageuka kuwa kitu kingine kabisa.

"Ni mtego," Dércio alisema. "Aliilaza mota njiani makusudi, akaenda kujificha. Lázaro alikuwa anamkaribia, senhora. Kila mtu Quionga aliona."

"Na baada ya Lázaro kuanguka, angemalizia mbio na nini? Hiyo mota yake imepinda kama ndoana."

"Labda hakufikiria mbali."

"Labda," Gracinda alisema, akachuchumaa.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alama ya pikipiki iliyoanguka ilionekana wazi kwenye mchanga, gurudumu la mbele upande huu, usukani upande ule. Lakini yeye hakuwa akiitazama hiyo. Alikuwa akitazama ukingo wa barabara, mahali ambapo majani makavu yanaanza. Palikuwa na kishimo kidogo, chembamba, kilichokwenda chini kwa mshazari. Mdomo wake ulikuwa umepasuka upande mmoja tu, upande wa barabarani. Akatia kidole, kikazama chote.

"Shimo la kaa hilo," Dércio alisema.

"Kaa aliyefika hapa kutoka baharini, basi naye alikuwa mbioni."

Gracinda akaweka kijiti kando ya kishimo, akainuka, akaanza kufuata nyayo za raba zilizotoka pale kuingia mikoroshoni. Alizijua ni za Fauzi, kwa kuwa raba zenyewe alikuwa amezifungia kwenye mfuko kituoni. Nyayo za kwenda zilikuwa zimekanyaga mchanga wote, kisigino na vidole, moja baada ya nyingine, bila pupa. Za kurudi zilikuwa za vidole tu, zimeachana sana, na mchanga umerushwa nyuma.

"Tazama," alimwambia Dércio. "Alikwenda akitembea. Alirudi akikimbia. Mtu anayetoroka hufanya kinyume."

"Alikuwa anakwenda kujificha."

"Katikati ya mbio, anakwenda kujificha kwa mwendo wa harusini?"

Dércio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi. Mbio zile zilikuwa changa, zilianzishwa na madereva wenyewe, na kila mwaka mtu fulani alimkata mwenzake njia, au alimpiga teke gurudumu, na kila mwaka kamati ilisamehe. "Tukimsamehe na huyu," alisema sasa, "mwakani watawekeana magogo. Nataka afungiwe maisha. Na namba ya teksi anyang'anywe, asibebe hata gunia la mchele. Adhabu iwe kali mpaka mwingine akiwaza ubaya aone mkono unamtetemeka. Nakosea, senhora?"

"Kama alitega, hukosei," Gracinda alisema. "Ila kama alitega, hilo si la kamati. Ni la mahakama ya mkoa kule Pemba, kujaribu kuua. Ndiyo maana nipo hapa bila viatu."

Ndipo Dércio akapaza sauti ya ushindi. Kwenye tawi la mkorosho, usawa wa macho, ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. "Si nilikwambia. Hii ndiyo alama. Alikuja mapema, akachagua mahali, akafunga alama ili asipitilize."

Gracinda aliutazama ule utepe. Ulikuwa mpya, na fundo lake lilikuwa la mtu anayefunga vingi kwa siku, la haraka na la namna moja. Akasonga mbele, akapata wa pili. Akasimama kati ya tepe mbili, akafumba jicho moja, akaona wa tatu mbali kidogo, umenyooka na wenzake bila kukosea. Fauzi hakuwa na sababu ya kupima mstari hadi katikati ya mashamba ya watu.

Kando ya utepe wa pili kulikuwa na nyayo za mabuti. Hapo mpelelezi alipiga magoti kabisa. Mabuti ya watu wanne, wawili mbele, wawili nyuma, na nafasi kati yao haikubadilika popote. Zilizama sana. Walitembea kwa hatua moja, polepole, kama watu waliofungwa pamoja. Na mahali fulani, ubavuni mwa mtu wa mbele upande wa kushoto, raba za Fauzi ziliingia katikati ya mabuti, zikaenda nayo hatua chache, kisha zikageuka ghafla na kuanza kukimbia.

"Walibeba kitu," Gracinda alisema. "Kirefu na kizito. Na Fauzi alikwenda nao."

"Kubeba nini?"

"Tutawauliza wenyewe. Vaa viatu vyako."

*

Fauzi alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi, mikono juu ya magoti. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, na shati lake bado lilikuwa na damu ya Lázaro iliyokauka. Ndiye aliyekuwa ameushika mguu ule njia nzima mpaka kituo cha afya, nyuma ya gari la watu wa gesi. Dércio alisema hiyo ilikuwa hila. Gracinda alikuwa ameona hila nyingi katika kazi yake, lakini hajawahi kuona iliyomfanya mtu asahau kufua shati.

"Shikamoo, senhora," Fauzi alisema. "Lázaro ameamkaje?"

"Marahaba. Ana homa. Sasa mimi nauliza, wewe unajibu. Mota njiani ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliiweka pale?"

"Mimi. Andika hivyo."

"Sitaandika nisichokijua. Kwa nini ulisimama?"

"Nilisimama tu."

"Mtu anayeongoza mbio, kazi ya udereva iko mbele yake, anasimama tu."

Fauzi alitazama sakafu. Gracinda akamfungulia mlango wa uongo ili aone kama ataingia, maana hii ilikuwa njia yake ya siku zote. "Labda ulibanwa na mkojo. Hilo humpata mtu yeyote. Ukisema hivyo, kesi inakuwa nyepesi, na mimi naenda kula."

Kijana alikaribia kutabasamu. "Hapana, senhora. Sikubanwa."

"Basi wale wanne wenye mabuti ni akina nani?"

Alishtuka, hilo Gracinda aliliona. Kisha akafunga mdomo, na ule ukimya haukuwa wa mtu anayejilinda. Mtu anayejilinda huwa anautazama mlango au anautazama uso wa anayemhoji. Huyu alikuwa amefumba macho. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Gracinda aliondoka pale akiwa na hamu ya kujua mshindo wenyewe utaangukia wapi.

*

Msimamizi wa wapima ardhi, wenye zile tepe nyekundu, aliitwa Lourenço, mtu wa Inhambane, mwenye sauti kubwa na kofia ya majani. Gracinda alimpata akila wali kwa samaki kwenye kibanda kilicho karibu na soko, na hakuhitaji kubembelezwa.

"Tulikuwa sisi," alisema. "Tunapima njia mpya. Siku ya sikukuu tukafanya kazi, kampuni haijui sikukuu. Barabara ilifungwa kwa ajili ya mbio, gari likabaki kule, tukabeba vyombo mabegani. Kasha refu hivi," akanyoosha mikono yote, "watu wanne, turubai la kijani juu kwa sababu ya vumbi. Vyombo ni ghali, senhora. Ukiangusha, unarudi kwenu. Kwa hiyo tunakwenda polepole, hakuna kuzungumza, kila mtu anatazama miguu yake."

"Na yule kijana?"

"Huyo sikumwelewa mpaka leo. Tumesikia mota inakuja, ikanyamaza. Halafu namwona kijana ananijia, kapaseti ameivua kichwani, ameishika mkononi. Hasemi neno. Anaingia ubavuni kwangu, anatia bega chini ya kasha. Mimi nikadhani anatafuta kazi. Huku kila mtu anatafuta kazi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kwa upole, 'Ni nani?' Nikamwambia hakuna mtu humu, ni vyombo. Akaliangalia kasha, akaniangalia mimi. Sijaona mtu akiona haya namna ile. Halafu tukasikia mota nyingine, na kishindo. Akatupita kama risasi. Sisi tukaweka kasha chini, mmoja wetu akaenda kuleta gari." Akamtazama Gracinda. "Umekaa miaka mingi huku, senhora. Alikuwa anatafuta nini?"

Gracinda mwenyewe alikuwa mtu wa Mueda, Mkristo wa kanisa la misheni, na miaka yake mitano Palma alikuwa ameipitisha akitazama zaidi kuliko kushiriki. Lakini palikuwa na siku moja. Alikuwa amepanda teksi ya pikipiki kwenda Namoto, nyuma ya mzee mmoja dereva. Njiani wakakutana na jeneza, kitambaa cha kijani juu, watu wamelibeba mabegani. Yule mzee hakumwomba ruhusa. Alisimamisha pikipiki ukingoni, akachomoa kipande cha ubao chini ya kiti, akakiweka mchangani, akaegeza stendi juu yake ili isizame, akamwacha yeye juu ya kiti amekaa kama mzigo wa mihogo. Akaenda akatia bega, akabeba hatua chache, akampokeza mwingine, akarudi. Hakumjua marehemu. Gracinda alikasirika siku ile, kisha akaona aibu kwa kukasirika.

Akamwacha Lourenço na wali wake bila jibu, akarudi kituoni kwa mwendo wa kijeshi, akaenda uani moja kwa moja kwenye pikipiki iliyopinda. Ilikuwa imevuliwa kila kitu kwa ajili ya mbio. Vioo vimetolewa, keria imetolewa, hata kifuniko cha mnyororo. Akainua kiti. Ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi ya ndani ulikuwepo, umetanuka umbo la kibao. Kibao hakikuwepo.

Basi kishimo kilikuwa cha stendi. Fauzi aliona kasha la kijani mabegani mwa watu waliokwenda kimya, akaona jeneza, akafanya kile ambacho mikono yake imezoea kukifanya kila siku. Alisimamisha pikipiki ukingoni, nje ya njia, akashusha stendi, akaenda. Ila ubao alikuwa ameutoa mwenyewe asubuhi ile ili pikipiki iwe nyepesi. Stendi ikazama, pikipiki ikaangukia barabarani, naye alikuwa amekwisha kuipa mgongo.

Hakukuwa na mtego. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anashinda mbio kubwa kuliko zote za maisha yake, akashuka ili amsindikize mtu asiyemjua. Gracinda alisimama pale uani akashindwa kwa muda kuwa polisi. Alimstahi tu yule kijana, na akafurahi kwamba hapakuwa na mtu wa kumwona.

*

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kikao cha kamati, alimtoa Fauzi mahabusu akaenda naye kituo cha afya. Fauzi alikuwa ameomba jambo moja tu tangu akamatwe, nalo ni kumwona Lázaro.

Muuguzi Chamima aliwazuia mlangoni. Alikuwa mama mnene, mtulivu, na leo utulivu wake ulikuwa wa kujilazimisha. Akawavuta pembeni.

"Amelala. Msimwamshe," alisema. "Gari la Pemba linakuja jioni. Mguu umeoza, senhora. Wataukata juu ya goti, daktari amekwisha kusema. Yeye hajui. Tunamngoja mama yake ashuke kutoka Mueda, tumwambie akiwa na mama yake. Naombeni, neno hili lisitoke hapa. Mji huu ukilijua saa nne, saa nne na robo atalisikia dirishani."

"Halitatoka," Gracinda alisema.

Fauzi alimtazama Lázaro kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, akatazama umbo la miguu miwili chini ya shuka. Midomo yake ilicheza, na Gracinda hakuhitaji kuambiwa kwamba ni dua. Alipogeuka macho yalikuwa yamejaa, na hakujisumbua kuyafuta.

Walikaa kwenye kibaraza cha nje. "Nimekwenda mikoroshoni," Gracinda alisema. "Nimeongea na wapima ardhi. Nimeona tundu la stendi, na chini ya kiti chako hakuna ubao. Najua ulidhani ni jeneza. Leo nitasema, na hawatakufunga hata siku moja."

"Dada Gracinda, usiseme."

"Unataka kwenda mahakamani kwa kosa ambalo hukulifanya?"

"Sema haikuwa mtego. Hilo ni kweli, liseme. Lakini jeneza usilitaje." Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno siku zote alizokaa kimya. "Ukitaja jeneza, watu wetu wa pwani watasema nini? Watasema Fauzi alisimama kwa heshima ya maiti, yule wa Mueda akaja na fujo zake akapita. Vijana wa Mueda watasikia, watasema Waislamu wanavunja watu miguu kwa ajili ya maiti zao. Sasa hivi wanagombania kazi za kambini, kila siku wanatazamana vibaya. Unataka niwape na hili? Na maiti mwenyewe hakuwepo. Ni kasha la vyuma. Watu watauana kwa ajili ya kasha la vyuma."

"Kwa hiyo ulikaa kimya wakuite muuaji."

"Mimi ni mmoja," Fauzi alisema. "Na Lázaro hakukosa chochote. Alikuwa anakimbia mbio, ndilo lililomleta."

Gracinda alikuwa amewahoji wezi, walaghai, na mwalimu mmoja aliyemtilia mkewe sumu kwenye chai, na wote walikuwa na kitu kimoja: kila mmoja alikuwa na hadithi iliyomfanya yeye kuwa mzuri. Huyu alikuwa na hadithi nzuri kuliko zote, ya kweli kutoka mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa anamwomba polisi aifukie.

"Sitasema uongo mbele ya kamati," alimwambia.

"Sijakuomba uongo."

*

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule, na watu waliokosa nafasi walijazana madirishani. Ukiangalia vizuri uliona watu wa pwani wamesimama upande mmoja na watu wa Mueda upande wa pili, ingawa hakuna aliyewapanga. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tuaibo, dereva wa kwanza kuleta pikipiki ya abiria Palma, ndevu nyeupe, sauti ndogo inayosikika. Kulia kwake alikaa Amélia, mwenye mgahawa, shangazi yake Lázaro. Kushoto, Dércio na kalamu yake.

Gracinda alisimama akasema aliyoyaona. Kishimo ukingoni, na mdomo wake uliopasuka kuelekea barabarani. Ukanda wa mpira usio na ubao. Nyayo zilizokwenda zikitembea na kurudi zikikimbia. "Pikipiki haikulazwa," alisema. "Iliegeshwa nje ya njia, ikaanguka yenyewe. Kesi ya mahakama haipo. Mlichobaki nacho ni uzembe, na hiyo ni kazi yenu."

Darasa lilinong'ona. Dércio akainua kalamu. "Vizuri, mtego haupo. Lakini alisimama kwa nini, senhora? Katikati ya mbio?"

Gracinda alimtazama Fauzi aliyesimama peke yake mbele ya ubao wa kuandikia. "Kuwasaidia watu waliobeba mzigo," alisema. "Nimewahoji. Wamethibitisha."

Kicheko kikaanzia madirishani, kikaingia ndani. Anaongoza mbio, anashuka kubeba mizigo ya watu. Mtu mmoja akamwita hamali. Mwingine akauliza kama alilipwa. Walicheka watu wa pwani, wakacheka watu wa Mueda, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile walikuwa wanacheka pamoja. Fauzi alikisikiliza kicheko chote bila kuinamisha kichwa.

"Mzigo wa namna gani?" aliuliza Mzee Tuaibo.

Gracinda alimgeukia mwenyekiti. "Kasha la vyombo, mzee. La watu wa gesi. Lina turubai juu."

Mzee Tuaibo hakucheka. Alimtazama Fauzi muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akagonga meza, kicheko kikakatika.

"Tujadili adhabu," alisema.

Dércio alirudia yake, kufungiwa maisha na namba kunyang'anywa. Alisema uzembe unavunja miguu sawasawa na mtego, na mguu haujui nia. Gracinda alikiri moyoni kwamba hilo lilisemwa vizuri. Amélia alisema yeye hataki mtoto wa mtu akose chakula, lakini damu ya ndugu yake ilimwagika na haiwezi kufagiliwa kama mchanga wa sebuleni. Mwingine akapendekeza mwaka mmoja. Mwingine akauliza mwaka mmoja utamfundisha nini mtu anayeacha mbio akabebe makasha. Wakavutana mpaka sauti zikaanza kugawanyika tena kwa upande na upande, na madirishani watu wakaacha kutabasamu.

"Fauzi," Mzee Tuaibo alisema. "Mwanangu, wewe ungejihukumu vipi?"

Fauzi akasogea mbele hatua moja.

"Ubao wa stendi niliutoa mimi," alisema. "Nilitaka mota iwe nyepesi. Kwa hiyo kosa ni langu, si la mchanga. Namba ya teksi naomba mniachie, nina mama na wadogo zangu. Lakini mbio nisikimbie. Nisikimbie mpaka siku Lázaro atakapopanda mota akakimbia tena. Siku hiyo na mimi nitapanda."

Gracinda aliyesimama karibu na mlango alishika mwimo.

"Na akipona mwezi ujao?" Amélia aliuliza.

"Basi ni mwezi ujao, mama."

Amélia alimkazia macho, kisha uso wake ukalegea. "Hiyo ni haki," alisema. "Mtu asikimbie wakati mwenzake amelala. Mimi nimekubali."

Dércio aliguna. "Mfupa huunga kwa miezi mitatu. Hii si adhabu, ni likizo." Lakini mikono ilikuwa imeanza kuinuliwa, ya pwani na ya Mueda, na yeye, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatazama huku na huku, akainua wake wa mwisho.

"Andika ilivyosemwa," Gracinda alimwambia kutoka mlangoni. Sauti yake ilitoka nzito kuliko alivyotaka. "Neno kwa neno. Mpaka Lázaro apande tena."

Dércio akaandika, akasoma kwa sauti, akamsogezea karatasi atie saini kama shahidi. Madirishani watu walikwisha kuanza kutawanyika, wanataniana, mmoja anambebea mwenzake mzigo wa hewa. Wote waliona kijana amejihukumu kwa huruma. Katika chumba kizima walikuwa wawili tu waliojua amejihukumu nini, na mmoja wao alikuwa ameahidi kunyamaza.

Gracinda alishika kalamu akamtazama Fauzi. Alikuwa anangoja aone kama atajuta, hata kidogo, hata kwa jicho.

"Tumwombee mgonjwa," Mzee Tuaibo alisema, akiinua viganja. "Mungu amrudishie mguu wake, akimbie kama zamani."

"Amin," Fauzi aliitikia kabla ya wote, na aliomba kwa dhati.

Gracinda akatia saini.